Chembe Isiyopimwa: Je, Ina Jibu Tayari?

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma fizikia hapa Tanga anakokotoa urefu wa wimbi la elektroni bila hata kuinua kichwa. Ila akiuliza elektroni hiyo ilikuwa wapi kabla haijapimwa, mara nyingi huambiwa hilo halitoki kwenye mtihani, aendelee na hesabu. Swali halifi kwa kuzimwa hivyo. Jioni analihamishia kwenye simu, kisha kwenye baraza la kahawa kule Ngamiani, na huko anazikuta kambi mbili. Ya kwanza inashikilia kwamba fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomi na elektroni, imethibitisha kuwa akili ya binadamu ndiyo inayoumba ulimwengu, kwa maana kitu hakipo mpaka kitazamwe. Ya pili inasema huo ni uzushi mtupu. Chembe ziko mahali pake na sifa zake zote, ila ni ndogo mno, na vipimo vyetu vinazitikisa.

Kwa maoni yangu zimekosea zote mbili. Lakini kosa la kila moja ni la aina yake, na moja linaumiza watu zaidi ya lingine.

Kambi ya kwanza ina jambo la kweli mkononi. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walirusha elektroni moja moja kwenye kifaa chenye njia mbili. Kila elektroni iliacha nukta moja tu kwenye kioo. Nukta zilipofika maelfu, ikajitokeza michirizi ya mawimbi, kana kwamba kila elektroni, ikiwa peke yake, imepita njia zote mbili. Ukiweka kifaa cha kukuonyesha imepita wapi, michirizi inatoweka. Hapo ndipo watu huruka na kusema elektroni inajua kuwa inatazamwa.

Haijui chochote. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ulitoka Vienna. Mwaka 1999 kundi la Anton Zeilinger lilipata michirizi hiyo hiyo kwa molekuli za atomi 60 za kaboni. Mwaka 2003, kwa molekuli za atomi 70, wakaingiza gesi kidogo kidogo ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Kadiri gesi ilivyoongezeka, ndivyo michirizi ilivyofifia. Hakuna mtu aliyekuwa anatazama ni molekuli ipi imepita wapi. Ilitosha chembe ya gesi kugongana nayo na kuondoka na alama ya mahali ilipokuwa. Kwa hiyo huyo "mwangalizi" anayetajwa vitabuni anaweza kuwa gesi, mwanga, vumbi au ukuta wa chombo. Einstein aliwahi kumuuliza mwanafizikia mwenzake Abraham Pais, wakiwa matembezini, kama kweli anaamini mwezi upo pale tu anapoutazama. Mwezi unapigwa na mwanga wa jua kila nukta ya sekunde. Haumsubiri mtu.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanatoa fedha zao kwa ajili yake. Ipo mashine inayozunguka mitaani, hapa Tanga na kwingine nchini. Mgonjwa anashika kifimbo cha chuma kiganjani, waya wake umechomekwa kwenye kompyuta, na baada ya dakika chache inatoka ripoti ya kurasa kadhaa: ini, figo, mifupa, hata vitamini zilizopungua. Inaitwa kipimo cha kwanta. Ripoti ikishatoka, dawa za makopo ziko tayari mezani. Mama mtu mzima akisomewa kwamba figo zake zina kasoro, usiku halali, na kesho yake anauza kuku.

Kifimbo cha kiganjani hakina njia ya kujua hali ya ini. Mfano wa kipimo cha hospitali ambacho kweli kinategemea kwanta ni MRI, kinachosoma tabia ya protoni za haidrojeni mwilini, na ili kufanya hivyo kinahitaji sumaku ya Tesla 1.5 au 3. Hiyo 1.5 ni kama mara 30,000 ya usumaku wa dunia tunayoikanyaga. Nguvu zote hizo zinatumika kuzifanya protoni zitoe ishara dhaifu. Anayedai kuipata habari hiyo kwa waya na kompyuta ya mezani anamdhulumu mgonjwa, na jina la sayansi amelikopa bila haki.

Basi kambi ya pili imeshinda? Hapana, na hapa ndipo utamu wa suala ulipo. Wanaosema chembe ina sifa zake zote tayari, sisi tu hatuzijui, wako pamoja na mtu mzito. Mwaka 1935 Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, walitoa hoja kwamba nadharia ya kwanta haijakamilika. Ukiwa na chembe mbili zilizofungamana, kuipima moja kunakwambia habari za nyingine iliyo mbali. Kwa kuwa ya mbali haikuguswa, walisema, lazima ilikuwa na jibu lake tangu mwanzo. Ni hoja ya mtu mwenye akili timamu, na Niels Bohr, aliyeshikilia kwamba nadharia hiyo imekamilika, alipoijibu hakumridhisha Einstein. Kwa miaka karibu 30 ilionekana kuwa mabishano ya falsafa tu, mpaka mwaka 1964 John Bell, aliyekuwa ameajiriwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Geneva, kwa kazi nyingine kabisa, alipoonyesha kwamba inaweza kupimwa maabara.

Twende nayo taratibu. Wachukue kaka na dada. Kaka yuko Raskazone, dada yuko Pangani, simu zimezimwa. Kila mmoja anaulizwa swali moja, la A au la B, linalochaguliwa kwa bahati nasibu, naye anajibu ndiyo au hapana. Sharti ni kwamba majibu yao yafanane, isipokuwa wote wawili wakiulizwa B. Hapo lazima yatofautiane. Wanaruhusiwa kupanga njama kabla ya kuachana. Jaribu kuwapangia. Jibu la kaka kwa A lifanane na la dada kwa A, tena na la dada kwa B. Jibu la kaka kwa B lifanane na la dada kwa A. Tayari majibu yote manne yamekuwa mamoja, na sharti la B kwa B limevunjika. Haikwepeki. Njama bora kuliko zote inawapa ushindi wa asilimia 75.

Sasa wape fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizofungamana, wajibu kwa kuzipima katika pembe zilizochaguliwa vizuri. Hesabu ya kwanta inasema watashinda kama asilimia 85. Kilichopimwa maabara ni tofauti ya aina hiyo hiyo. John Clauser na Stuart Freedman walipima mwaka 1972, Alain Aspect mwaka 1982, na mwaka 2015 watafiti wa Delft, Uholanzi, walipima kwa elektroni zilizo umbali wa kilomita 1.3. Mara zote mpaka wa njama ulivukwa. Clauser, Aspect na Zeilinger walipewa Nobeli mwaka 2022. Dai kwamba kila chembe husafiri na majibu yake mfukoni, bila kuguswa na yanayotokea mbali, limekufa. Vijana wengi huuliza kama basi tunaweza kutuma ujumbe papo hapo kwa njia hii. Hatuwezi. Kaka akiwa peke yake anaona ndiyo na hapana zisizo na mpangilio, na uhusiano hauonekani mpaka madaftari mawili yakae pamoja.

Hata hivyo nawapinga pia wanaotangaza kwamba Bohr ameshinda moja kwa moja. Mwaka 1952 David Bohm alionyesha kwamba chembe inaweza kuwa na mahali pake kila wakati, ikiongozwa na wimbi, mradi ukubali kwamba linalotendeka hapa linagusa kule bila kujali umbali. Bell mwenyewe aliithamini sana kazi hiyo. Hugh Everett, mwaka 1957, alipendekeza kwamba matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake. Zote hukubaliana na vipimo vilivyopo, na kila moja ina bei yake. Mimi bei ya Everett naiona kubwa mno, na ya Bohm naivumilia, ingawa najua wanafizikia wazuri wanaolipanga hilo kinyume changu.

Ninachowaomba walimu wenzangu ni kulipa swali hili kipindi kimoja, hata kama halitoki kwenye mtihani, maana lina sehemu ambayo maabara bado inaishughulikia. Mwaka 1986 Ghirardi, Rimini na Weber walipendekeza kwamba mawimbi ya vitu vikubwa hujivunja yenyewe bila kupimwa. Wakiwa sahihi, kuna ukubwa ambao michirizi itakataa kutokea hata gesi yote ikiondolewa. Mwaka 2019 molekuli za atomi karibu 2,000 zilipitishwa huko Vienna, na michirizi ilikuwepo.