Msimzushie bibi wa watu, fungueni daftari lenyewe

Ukoo wa mume wangu unatoka vijijini Lincolnshire, Uingereza, na kwa miaka mingi ulinong'ona kuhusu bibi mmoja wa karne ya 18 kwamba alizaa kabla ya kuolewa. Ushahidi ulikuwa orodha ya kwenye intaneti: ndoa Mei 1720, mtoto kabatizwa Februari 1720. Liliniuma. Marehemu hana wa kumtetea.

Niliomba picha ya ukurasa wenyewe wa daftari la kanisa, ambamo kasisi aliandika ndoa na ubatizo. Wino umefifia, ila mpangilio unasomeka: Desemba, Januari, Februari, kisha mwishoni mwa Machi ndipo kasisi anaandika 1721 kwa tarakimu kubwa. Kumbe hadi 1751 Waingereza walihesabu mwaka mpya kuanzia 25 Machi, sikukuu ya Maria kupashwa habari. Februari 1720 ya kasisi ni Februari 1721 yetu. Mei hadi Februari, hesabu kwa vidole: miezi tisa kamili!

Hata mwanasayansi Isaac Newton yumo katika mtego huu. Alizaliwa Krismasi ya 1642, akabatizwa Colsterworth, kaunti hiyohiyo, tarehe 1 Januari. Kwetu huo ni 1643. Kwa kasisi wake bado ulikuwa 1642.

Ndiyo maana nashikilia kwamba orodha ni kielekezi tu, haitoshi kumhukumu mtu. Tena tarehe ya ubatizo msiifanye ya kuzaliwa. Mwandishi wa riwaya Jane Austen alizaliwa Steventon, Hampshire, 16 Desemba 1775. Baba yake, kasisi wa kijiji, alimbatiza nyumbani kesho yake, lakini kanisani alipelekwa 5 Aprili 1776. Anayekisia umri kwa tarehe hiyo ya pili amempunguzia mtoto karibu miezi minne.

Na ukurasa ukiwa umeliwa na panya au unyevu, msikate tamaa mapema. Tangu 1598 parokia zilitakiwa kupeleka nakala za madaftari yao kwa askofu kila mwaka, na nyingi zimo katika hifadhi za nyaraka za kaunti.

Mama mkwe ameshafuta ile alama ya kuuliza kwenye mti wa ukoo. Sasa tunamtafuta mama mzazi wa bibi huyo. Daftari lao linamtaja baba peke yake, kama yalivyofanya mengi ya zamani. Fomu za ubatizo zenye nafasi ya majina ya wazazi wote wawili zilianza 1813. Jumatatu naanza na nakala za askofu.