Vielelezo vya kidijitali na hatari za vepu: kumwonyesha kijana kisichoonekana

Anayemfundisha kijana wa miaka 14 hatari za sigara ya kielektroniki, au vepu kama vijana wenyewe wanavyoiita, ana ugumu ambao sigara ya kawaida haikuwa nao. Sigara ina majivu, moshi wake unachoma macho, harufu yake inabaki kwenye nguo. Vepu inatoa wingu jeupe lenye harufu ya embe, na baada ya sekunde chache halipo. Kinachodhuru hakionekani. Ndiyo maana walimu na wahudumu wa afya wamekimbilia uhuishaji, michoro na video fupi. Ubishi uliopo ni kuhusu kinachopaswa kuonyeshwa humo.

Kielelezo kinachofafanua jinsi jambo linavyotokea kina nguvu kubwa. Chukua hesabu ya nikotini. Kifaa cha kutumia na kutupa chenye mililita 10 za kimiminika, kilichoandikwa asilimia 5, kina takriban miligramu 50 kwa kila mililita, jumla 500. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 20 kwa mililita na tangi lisilozidi mililita 2, yaani miligramu 40. Chora nguzo mbili, moja ya 40 na nyingine ya 500, na kijana ataelewa bila kuhubiriwa. Lakini usigawanye 500 kwa miligramu 1 au 2 ambazo mwili hufyonza kutoka sigara moja, kisha utangaze idadi ya pakiti. Si nikotini yote iliyomo kwenye kimiminika inayoingia mwilini, na kosa hilo huonekana kwenye mabango mengi.

Uhuishaji wa sekunde 40 unaweza pia kueleza kwa nini dozi kubwa hivyo haikereketi koo. Nikotini ikichanganywa na asidi kama ya benzoiki huwa chumvi, na ukali wake hupungua. Koo lililopaswa kutoa onyo linanyamaza. Onyesha vilevile koili, yaani waya unaopasha kimiminika, ikipanda juu ya nyuzi 200 za Selsiasi, gliserini na propilini glikoli zilizomo kwenye kimiminika zikivunjika kwa kiasi na kutoa sumu za fomaldehaidi na akrolini, na chembe za metali kama nikeli au risasi zikibebwa na mvuke. Baada ya hapo, dai kwamba ule ni mvuke wa maji tu halina pa kusimama.

Upande wa pili ni picha za kuogofya, na wanaozitetea wana hoja. Kanada iliweka picha za maonyo kwenye pakiti za sigara mwaka 2001, nchi nyingi zikafuata, na picha hizo huvuta macho kuliko maandishi matupu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa matangazo ya vepu yaliyoonyesha viumbe kama minyoo wakitambaa chini ya ngozi za vijana. Picha kama hiyo haisahauliki.

Tatizo linaanza picha inapoazimwa kutoka ugonjwa mwingine. Kinachoitwa pafu la bisi, yaani makovu yanayoziba njia ndogo za hewa, kilipata jina kutokana na wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, waliovuta kwa wingi diasetili, kemikali ya kuleta ladha ya siagi. Kukibandika kwenye kila somo la vepu ni kupotosha. Vivyo hivyo mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa wavuta vepu mwaka 2019 nchini Marekani. Hadi Februari 2020 ulikuwa na wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, vifo vikiwa 68, lakini ulihusishwa zaidi na asetati ya vitamini E katika bidhaa za bangi. Kijana anayemjua rafiki aliyevuta vepu ya matunda mwaka mzima bila kulazwa atakuta taarifa hizo kwenye simu yake jioni hiyohiyo. Akishakamata uongo mmoja, anatupa na ukweli kuhusu uraibu, nao ndio uliokuwa karibu naye zaidi.

Hata ulinganisho na sigara unahitaji uangalifu. Mtu mzima anayevuta sigara akihamia vepu kabisa hupunguza sumu anazovuta, na kuchora vitu hivyo viwili vikiwa sawa ni kosa. Kwa kijana ambaye hajawahi kuvuta, mchoro uwe na safu tatu: hewa safi, vepu, sigara. Safu ya kwanza ndiyo anayoiacha.

Katika utengenezaji, kosa linaloumiza zaidi ni kupamba skrini kwa vifaa vya rangi na mawingu yanayozunguka. Hilo ni tangazo la bure, na kwa aliyekwisha kunasa, kuona kifaa kunaamsha hamu. Kabla ya kutumia video, waonyeshe vijana 6 hadi 8, kisha mwombe kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Wakianza kutaja uzuri wa kifaa, kata kipande hicho. Maswali yanayoulizwa dakika tano baada ya video hupima kumbukumbu tu. Rudi baada ya miezi mitatu.

Kim Witte, mtafiti wa mawasiliano, alieleza mwaka 1992 kwamba hofu isiyoambatana na njia ya kutokea humfanya mtu ajikinge na ujumbe wenyewe badala ya hatari. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2024, kwa wavuta vepu wa miaka 13 hadi 17, lilitumia ujumbe wa simu wa kuwasaidia kuacha: baada ya miezi saba asilimia 37.8 walikuwa wameacha, dhidi ya 28.0 ya wasioupata. Kwa hiyo, mimi ningekata sekunde za mapafu yaliyooza na kuziweka kwenye grafu ya arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa nikotini: kilele katika siku 2 au 3 za mwanzo, mteremko wa wiki 2 hadi 4, na vilima vidogo vya hamu vinavyodumu dakika chache kila kimoja. Iwe picha moja ya wima, maandishi makubwa, inayohifadhika kwenye simu, na chini yake namba ya mtu wa kumpigia siku ya pili usiku.