Oksijeni ya Mirihi haipatikani kirahisi hivyo
Eti mwanaanga aliyekwama Mirihi kwenye kipindi hiki cha televisheni asingekosa pumzi, kwa kuwa hewa ya huko karibu yote ni kaboni dioksaidi na kazi yake ni kuivunja tu apate oksijeni. Kuivunja inawezekana, shida ni kiasi. MOXIE, kifaa cha majaribio cha kutengeneza oksijeni kilichokuwa kwenye gari la utafiti la Perseverance huko Mirihi, kilifikia gramu 12 kwa saa kilipofanya vizuri kabisa, ilhali mtu mmoja hutumia kama gramu 840 kwa siku. Yaani vifaa vitatu, usiku na mchana, bila kuzimwa. Hewa huchujwa vumbi, hugandamizwa, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 800 za selsiasi na kuvunjwa kwa umeme ndani ya seli, yaani sehemu ya kifaa inayotenganisha oksijeni. Volteji ikizidi, kaboni hujitenga na kuganda kama masizi ndani ya seli, na ikishaziba ndiyo basi tena. Sasa paneli za jua za mwanaanga huyo tumeonyeshwa zimepasuka. Umeme wote huo aliutoa wapi?