Wanaisikia, ila hawaisemi: kupima uhai wa Kidahalo

Mwaka 1992, mtaalamu wa sauti za lugha Peter Ladefoged alieleza jinsi alivyomuuliza msemaji mmoja wa Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye wasemaji mia chache katika maeneo ya Lamu na Tana River nchini Kenya, kama wanawe wanaisema lugha hiyo. Baba akajibu kwamba bado wanaisikia, ila hawaisemi. Wanasema Kiswahili tu. Alijibu akitabasamu, kwa fahari ya wana waliosoma wakajua asiyoyajua yeye. Ladefoged akahoji: mimi ni nani hata niseme amekosea?

Hoja hiyo haipuuzwi. Wadahalo ni watu wa asili ya uwindaji, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977; mzazi anayempa mtoto lugha ya shule, ya soko na ya zahanati anamtafutia riziki, na hakuna mgeni mwenye haki ya kumtaka abaki alivyo ili wataalamu wapate cha kuandika.

Hata hivyo, mwaka uliofuata mwanaisimu Nancy Dorian, aliyekuwa amekishughulikia Kigaeli cha Uskoti kwa miaka mingi, alijibu kwamba kizazi cha baadaye huweza kuijutia lugha ambayo wazazi waliiacha kwa hiari. Nami naona jambo jingine: baba aliulizwa habari ya lugha, naye akafurahia shule. Mambo hayo mawili yalifungwa pamoja na mazingira, si na akili ya mtoto, kwani pwani yetu imejaa watoto wanaosema lugha mbili au tatu bila kulemewa.

Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2003 unataja vigezo tisa vya kupima uhai wa lugha na kuonya kwamba kimoja hakitoshi. Kihadza, lugha ya kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, kina wasemaji wapatao 1,000 tu, lakini watoto bado wanakua nacho. Kwa hiyo maneno ya baba yule, "wanaisikia, ila hawaisemi", yanatueleza mengi kuliko sensa.

Katika kukihuisha Kidahalo ndipo penye ugumu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka Serikali ilinde lugha za wananchi, na sera ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Lamu, lugha hiyo ni Kiswahili. Sisi tuliozoea kulalamikia Kiingereza inatupasa tukiri kwamba huko lugha inayomeza wenzake ni yetu. Kurekodi ni lazima, maana vidoko vya Kidahalo, sauti zile za kuubandua ulimi ghafla nyuma ya meno, ni adimu mno katika lugha za Kikushi, lakini kinasa sauti hakimbembelezi mtoto wala hakimkanyi. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, walianza mwaka 1982 kuwakutanisha wazee na watoto wadogo katika vituo vya malezi ili watoto waipate lugha yao. Wao walikuwa wengi, Wadahalo ni wachache, ila mzee mmoja na wajukuu watatu wanatosha kuanza. Na kabla ya hapo, wazazi waulizwe swali ambalo katika kisa kile hatulisikii: kama shule isingekuwa na gharama ya kuiacha lugha ya nyumbani, wangependa watoto wao waseme zote mbili?