Gereza la Kilwa: la Wareno au la Waomani?

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo linalokupokea ufukweni ni Gereza. Wengi huliita ngome ya Wareno. Jina hilo linanikera, ingawa nakiri kuwa halikuzuka hivihivi.

Mwaka 1502 Vasco da Gama, nahodha Mreno, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Julai 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akauteka mji. Mtawala huyo, Amir Ibrahim, akakimbia, Muhammad Ankoni akawekwa mahali pake, na ngome ya Santiago ikaanza kujengwa. Wanaolitetea jina la Wareno husema aliyeweka msingi ndiye mwenye nyumba. Isitoshe, hata neno gereza wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi.

Lakini tuhesabu miaka. Kufikia 1512 Wareno walikwisha kuihama ngome hiyo: miaka 7 tu. Kuta zinazoonekana leo, kwa sehemu kubwa, ni za Waomani, waliojenga upya juu ya mabaki yale karibu na mwaka 1800. Na hapo ndipo jina la Wareno linapofunika jambo zito. Kilwa ya siku hizo ilikuwa soko la watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alipatana na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, na chini ya Waomani biashara hiyo haikukoma. Tukimtaja Mreno peke yake, lawama yote inamwangukia mgeni aliyekuja akaondoka, na makubaliano yaliyofanywa na mtawala wa hapahapa hayazungumzwi.

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulisahau. Sogea ukutani uguse: ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ufundi uleule uliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa karne kadhaa kabla ya Mreno yeyote kufika. Amri ilitoka Lisbon au Muscat, lakini ujuzi ulikuwa wa pwani hii.

Kwa hiyo mimi nashika jina la Gereza. Anayewatembeza wageni aanze na Santiago, aende kwa Waomani, awaambie wazi kuhusu watumwa, kisha awaache waguse ule ukuta.