Saketi ya Skrini au ya Mezani?

Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba kulijua somo hakutoshi, na kujua mbinu za kufundisha kwa jumla hakutoshi. Mwalimu anapaswa kujua mada fulani huwakwamisha wanafunzi wapi, na kwa nini. Mwaka 2006 watafiti Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia, na mchoro wao wa duara tatu zinazoingiliana (somo, ufundishaji na teknolojia) ukapendwa. Ugumu wake huonekana mada inapotajwa. Tuchukue umeme wa mkondo, Fizikia ya sekondari: ufundishwe kwa programu ya skrini au kwa vifaa halisi mezani?

Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu ya kwanza "hula" sehemu ya mkondo, ya pili ikapata masalio. Darasa la watu sitini lenye amita (kipima mkondo) moja haliwezi kulichunguza hilo kwa zamu katika kipindi cha dakika 40. Hapa skrini inashinda. Programu ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, inayoigiza saketi kwenye skrini, hupakuliwa kama faili moja, kisha hufunguka bila intaneti. Weka betri ya volti 9 na rezista mbili za omu 10 kwa mfululizo: popote utakapopachika amita, itasoma ampea 0.45. Lakini wanafunzi waandike utabiri wao kwanza; asiyetabiri huona namba tu, na wazo lake la zamani hubaki palepale.

Wanaotetea vifaa halisi nao wana hoja nzito, na kwangu nzito zaidi ni ukinzani wa ndani wa seli (r), yaani ule ulio ndani ya seli yenyewe, zoezi lililozoeleka katika mitihani ya vitendo. Mwanafunzi hubadilisha ukinzani wa nje R, husoma mkondo I, kisha huchora grafu ya R dhidi ya 1/I. Kwa kuwa R = E(1/I) − r, ambapo E ni volti ya seli isipotoa mkondo, mstari hukata mhimili wa R chini ya sifuri, na hapo ndipo r inaposomwa. Kwenye programu, betri huanza ikiwa na ukinzani sifuri: mstari hupita kwenye sifuri ya mihimili yote miwili, na jambo lililokuwa linatafutwa halipo. Kitelezi cha kuuongeza kipo, ila anayekitafuta ni mwalimu anayejua tayari kwamba betri halisi haiko hivyo. Kumfundisha kutumia kompyuta hakumpi ujuzi huo.

Hilo ndilo linalonitia shaka kuhusu ugawaji wa vifaa, vikiwemo vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyokwenda kwa walimu nchini Tanzania. Kifaa ni cha lazima, lakini mafunzo yakiishia kwenye kuwasha na kupakua, hayajagusa somo.

Skrini pia husamehe mno. Ukiunganisha nyaya vibaya huchorwa moto, unabonyeza, unaanza upya. Mezani amita iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri huweza kuungua.

Vipindi viwili mfululizo vikipatikana, ningetumia skrini katika cha kwanza, kwa mkondo pekee, na meza katika cha pili. Seli ya volti 1.5, rezista za omu 1 hadi 5, swichi ifungwe wakati wa kusoma tu. Ikiachwa imefungwa, seli hupata joto na kuchoka, usomaji hushuka, nukta za mwisho huuacha mstari, na mwanafunzi atadhani amekosea hesabu.