Picha ya Ukoo Imebaki Tai

Niliifungua picha ya ukoo, ile pekee ambayo watu wote 23 walitazama kamera kwa pamoja bila hata mmoja kufumba macho, kwa nia ndogo tu ya kuangalia kama tai yangu ilikuwa imeenda upande. Nikaikata picha ikabaki tai peke yake, nikaridhika kwamba kweli ilikuwa imeenda upande, kisha nikaifunga programu nikitarajia kwamba, kama zifanyavyo programu zilizolelewa vizuri, ingeniuliza iwapo nataka kuhifadhi mabadiliko, nami nijibu hapana na kwenda zangu kulala.

Haikuuliza. Asubuhi nilipolifungua faili lilelile nilikuta tai. Picha iliyokuwa na pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12, sasa ilikuwa na 300 kwa 400, ambazo ni sehemu moja tu kati ya mia ya zile za mwanzo, na ndani yake hamna shangazi, hamna watoto, hamna hata kidevu changu mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba programu hii si bubu. Huniuliza kama nataka arifa, kama nitaipa nyota tano, kama nina hakika kwamba sitaki toleo la kulipia. Lakini kumwondoa mama mkwe, tena akiwa amekaa katikati, iliona si jambo la kumsumbulia mtu.

Nilijaribu kutendua, kumbe kumbukumbu ya hatua zangu ilikufa pale pale nilipoifunga programu. Pipa la taka nalo lilikuwa tupu, maana faili linaloandikwa upya juu yake lenyewe huwa halihesabiwi kuwa limefutwa. Nikakimbilia nakala iliyokuwa kwenye simu na nikaikuta tai imeshanitangulia, kwa kuwa huduma ya kusawazisha mafaili, ambayo nikiwa na haraka huchukua siku nzima, usiku ule ilifanya kazi kwa uaminifu wa ajabu.

Na wala si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Zipo programu zinazoiacha picha ya asili ilivyo na kuandika pembeni maagizo tu, kata hapa, ongeza mwanga pale, ili anayejuta apate pa kurudia. Ya kwangu haiamini katika majuto.

Mke wangu ameshanunua fremu kubwa ya sebuleni, na jana aliniuliza kwa upole picha itachapishwa lini. Nimemwambia bado ninaihariri.